Fomu Mbili Mezani Nyalikungu

Siku ya kwanza niliripoti kazini nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Basi kutoka Shinyanga lilikuwa limeharibika mara mbili kabla ya kufika Maswa, na nilipoingia Bariadi walimu walikuwa wameshamaliza vipindi vya asubuhi. Nilikuwa na barua ya kupangiwa kituo, sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Nimezaliwa Mbinga, kwenye vilima vya kahawa, na sikuwahi kuona nchi tambarare namna ile, inayomwacha mtu aonekane tangu yuko mbali na bado asiwe na pa kujificha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na stashahada ya ualimu, masomo yangu Historia na Kiswahili.

Mkuu wa Shule alikuwa mtu mfupi wa suti ya Kaunda iliyofuliwa hadi ikapauka. Aliisoma barua yangu mara mbili akiwa amesimama, kisha akanipeleka kwenye ofisi ya walimu na kunionyesha kabati la chuma ambalo mlango wake lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunguke. Ndani yalijaa mafaili na fomu. Mwalimu aliyekuwa akilitunza alikuwa amehamishwa, na wenzake waliobaki, kila aliyeombwa alikuwa na udhuru.

"Mwalimu Kapinga," akaniambia, "mtoto akifeli mtihani tunamlaumu mtoto. Akifaulu halafu akakosa nafasi kwa sababu fomu ilijazwa vibaya, tunamlaumu mwenye kabati. Kuanzia leo mwenye kabati ni wewe."

Hivyo ndivyo nilivyoianza kazi niliyoifanya hadi kustaafu. Kufundisha Historia nimefundisha, lakini kazi yangu hasa ilikuwa ile ya kabati: kuwaandaa vijana na kuwapeleka vyuoni.

Ninyi mnaoomba vyuo kwa simu mkiwa mmekaa kitandani inafaa mjue ilikuwaje. Miaka ile mtu hakuomba chuo, alipangiwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne alijaza karatasi moja tuliyoiita selfomu. Humo aliandika machaguo yake: kwanza shule za kidato cha tano na tahasusi, yaani yale masomo matatu anayotaka kuendelea nayo, kisha vyuo vya ualimu, uuguzi, kilimo na ufundi. Karatasi ile ilitoka shuleni ikaenda wilayani, ikaenda mkoani Shinyanga, maana Simiyu haikuwa mkoa bado, na kutoka huko ikaenda wizarani. Baada ya miezi mingi majina yalirudi. Hakukuwa na pa kuuliza kwa nini huyu kapelekwa Tabora na yule kaachwa.

Kwa hiyo karatasi ile moja ilikuwa maisha ya mtu. Tuliijaza kwanza kwa penseli kwenye nakala, kisha kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, herufi moja katika kila kisanduku. Ukikosea, hakuna kufuta. Unaomba fomu nyingine wilayani, na fomu za akiba zilikuwa za kuhesabika. Picha za pasipoti zilipigwa na bwana mmoja wa mjini aliyekuja na shuka jeupe na kulitundika ukutani. Tarehe za kuzaliwa ndizo zilizonisumbua kuliko vyote. Watoto wengi walizaliwa nyumbani, na mama alikumbuka tu kwamba ulikuwa mwaka ng'ombe walipokufa kwa ukame, wakati wa kupalilia pamba. Nilijifunza kukaa na wazazi, kuuliza polepole, na kutoka na mwezi na mwaka ambao hakimu angeukubali kwenye kiapo cha kuzaliwa.

Nilikuwa pia na daftari langu. Kila mwaka niliandika humo nani alichagua nini, alipata alama gani na alipelekwa wapi. Baada ya miaka mitatu daftari lile lilinifundisha mambo ambayo hayakuandikwa kwenye mwongozo wowote. Niliweza kumwambia binti, kwa alama zako ukiandika uuguzi chaguo la kwanza utapata, ukiandika la tatu hutapata, kwa sababu nafasi hujaa kabla hawajafika kwako. Mkuu wa Shule hakuwahi kunisifu, ila mwaka wa nne alifungua kabati mwenyewe, akalisoma daftari kurasa nyingi, akalirudisha na kusema nisilipoteze.

Nje ya kabati sikuwa na mtu. Asubuhi watu walinisalimu, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, nami nilijibu vibaya hadi nilipozoea. Ofisini wenzangu walizungumza Kisukuma kuhusu ng'ombe na mvua; wakinikumbuka waligeukia Kiswahili kwa adabu, na baada ya sentensi mbili mazungumzo yalikwisha. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa kwao, mimi sikuwa kwetu. Nilikaa nyumba ya mwalimu yenye vyumba viwili, nikajifunza kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikawaandikia mama na dada zangu barua zilizochukua wiki tatu kufika. Mwanamume mmoja wa idara ya pamba alinichumbia, kisha akahamishwa na uchumba ukaishia kwenye kadi ya Krismasi. Na kila mwaka, mwezi uleule, watoto niliowajua kwa majina na kwa tarehe zao za kuzaliwa walipanda magari wakaondoka. Kazi hii ukiifanya vizuri inakuachia madawati matupu.

Baada ya miaka saba nilihamishiwa Nyalikungu, Maswa mjini, kwenye shule iliyokuwa na kidato cha tano na cha sita. Huko ndiko nilikokutana na nyakati mpya. Pamba, ambayo tangu zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, ilianza kununuliwa na watu binafsi waliokuja na malori na mizani zao. Mitumba ilijaa mnadani. Na mambo ya vyuo yakageuka vilevile. Kidato cha sita hawakungoja tena kupangiwa kila kitu. Ilibidi mtu aandike kuomba fomu, aijaze, aambatanishe vyeti, aitume kabla ya tarehe ya mwisho. Vyuo vya watu binafsi vilianza kujitangaza magazetini. Nilikata matangazo yale nikayabandika kwenye ubao. Wanafunzi waliyasoma wakaja kuniuliza kipi ni cha kweli, na mara nyingine sikujua.

Mkuu wa Shule wa Nyalikungu alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyependa utaratibu kuliko chakula. Barua ya kiserikali huwa na mstari wa K.K., maana yake Kupitia Kwa, unaoonyesha ni wakubwa gani barua inapitia kabla ya kufika inakokwenda. Ukimpelekea barua isiyo na K.K., alikurudishia bila kuisoma.

Shuleni hapo alikuwepo msichana aliyeitwa Kabula. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito kidogo, na alisoma Fizikia, Kemia na Hisabati katika darasa lenye wavulana ishirini na wasichana watatu. Kwao ni Kimali, Meatu, lakini alilelewa Maswa na baba yake mdogo, Mabula, aliyekuwa fundi wa baiskeli. Alipokuwa kidato cha sita Mabula alifariki, mjane akarudi kwao, na chumba cha kupanga kikachukuliwa na wengine. Mitihani ilipokwisha Kabula hakuwa na pa kungojea matokeo mjini. Nilimwambia akae kwangu.

Alikaa miezi saba. Sijui niielezeje miezi ile. Nilikuwa nimeishi peke yangu miaka tisa, na ghafla nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango uko wazi na mtu anachagua mchele. Alipenda kuhesabu vitu kwa sauti. Alinifundisha kuitikia salamu za Kisukuma za mchana na za jioni bila kujikwaa, na alinicheka kwa heshima nilipojikwaa.

Mwaka huohuo nilikuwa nimejiandikisha kufanya mtihani wa watu wazima. Huo ulikuwa mlango wa chuo kikuu kwa sisi tuliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa bila kuwa na alama kamili za kidato cha sita. Sikuwa nimemwambia mtu shuleni ila Mkuu. Kabula aliviona vitabu vyangu, akaanza kuniuliza maswali jioni kabla ya kupika. Nikikosea alisema, "Mwalimu, rudia," kwa sauti yangu mwenyewe ya darasani.

Mtihani nilifaulu. Matokeo yangu na matokeo yake yalikuja wiki moja, na ya kwake yalikuwa mazuri mno. Basi tukakaa mezani na fomu mbili, yake na yangu, za chuo kikuu kilekile, yeye akiomba uhandisi na mimi elimu. Nilikuwa nimejaza fomu za mamia ya watu, lakini nilipotaka kuandika KAPINGA ANJELA kwenye visanduku, nilijaribu kalamu pembeni mwa gazeti mara nyingi hadi Kabula akaniambia niiweke chini kwanza, ninywe chai.

Yake ilitangulia kwa posta. Yangu ilibaki kwa sababu ilihitaji barua ya mwajiri, K.K. Mkuu wa Shule, na saini ya Afisa Elimu wa Mkoa. Zaidi ya hapo, mwalimu anayekwenda masomoni ilimpasa kutia saini hati ya kuahidi kurudi kazini, na kuitia mbele ya Afisa Elimu mwenyewe. Mkuu aliniita akaniambia tuna bahati: Afisa Elimu atakuja kukagua shule Jumatano ya wiki inayofuata. "Uwepo," aliniambia. "Mimi nitaiweka barua yako juu ya zote. Wewe uwepo tu."

Jumamosi fomu ya Kabula ilirudi. Ilikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini: majina hayalingani. Cheti chake cha kuzaliwa, ambacho tulikihangaikia kwa miezi, kilisema Kabula Shigela, kwa jina la baba yake mzazi. Hati ya matokeo ilisema Kabula Mabula, kwa sababu baba mdogo alipompeleka darasa la kwanza alimwandikisha kwa jina lake. Mambo hayo yalikuwa ya kawaida. Nusu ya kabati langu ilikuwa majina ya wajomba na baba wadogo. Dawa yake ilikuwa hati ya kiapo, yaani mzazi anaapa mbele ya hakimu kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Fomu ilitakiwa irudi ikiwa na muhuri wa posta usiozidi Ijumaa. Nilipaswa kuyaona majina yale kabla ya bahasha kufungwa. Mimi, mwenye kabati, sikuyaona, kwa sababu siku ile nilikuwa nawaza fomu yangu.

Kabula alisema ataondoka Jumatatu kwenda Kimali kumleta baba yake. Jumapili akaanza kutetemeka. Kufikia jioni hakuweza kusimama, tukamlaza hospitali, malaria kali. Jumatatu asubuhi nilimwachia mke wa mwalimu jirani amwangalie, nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda gari la Meatu. Nilipiga hesabu hivi: Jumatatu kwenda, Jumanne mzee anaapa, Jumanne jioni kurudi. Jumatano niko ofisini nimevaa gauni langu la bluu.

Nililala njiani, Kimali nikafika Jumanne asubuhi. Mama yake Kabula alinipokea vizuri, akanipa uji, akaniambia mzee hayupo. Malisho yalikuwa yamekwisha karibu na nyumba, naye alikuwa ameswaga ng'ombe hadi mbugani, angerudi kesho. Nilikaa kwenye kigoda nikingoja. Alasiri lori la mnunuzi wa pamba lilipita likielekea Maswa, na dereva, alipomwona mwalimu mwenye mkoba, alisimama bila kupungiwa mkono. Aliniuliza kama ninakwenda, na akasema hakuna gari jingine hadi Alhamisi.

Ningepanda. Nawaambia ukweli, niliinuka nikauweka mkoba begani. Hakuna aliyenizuia. Mama yake Kabula hakujua kuna Afisa Elimu wala fomu ya pili, yeye alikuwa anapepeta mtama. Nilisimama pale kando ya lori kwa muda ambao dereva aliuona mrefu, nikamwambia aende. Akaenda. Vumbi lilipotulia nilirudi kwenye kigoda, na sikulia, ila sikuweza kumaliza ule uji wa asubuhi.

Mzee Shigela alifika Jumatano saa nne hivi, saa ambayo Nyalikungu wageni walikuwa wanaandaliwa chai. Alikuwa mwembamba, wa maneno machache. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea fimbo. Kisha akaniambia kwamba yeye na Mabula hawakuwa wamesemezana miaka minane hadi kifo, kwa ajili ya ng'ombe wa mahari ya dada yao. Alipomkubalia mdogo wake amchukue Kabula kumsomesha, hakumkubalia ambadilishe jina. Aligundua siku mtoto alipoleta ripoti ya shule nyumbani na mtu akamsomea.

"Alimchukua mwanangu akamwita wake," alisema. "Sasa amekufa, na serikali inataka niseme alifanya sawa."

"Haitaki useme alifanya sawa, baba. Inataka useme kwamba Kabula wa karatasi hii na Kabula wa karatasi hii ni mtoto mmoja."

"Na huko chuoni ataitwa nani?"

Sikuweza kumdanganya. Vyeti vya mitihani havibadilishwi. "Ataitwa Mabula," nilisema.

Aligeuza fimbo mkononi. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Wewe mayu, una watoto wangapi?"

"Sina."

"Basi hujui unachoniomba."

"Sijui, baba. Ninajua tu kwamba Ijumaa wanafunga, na kwamba yeye amelazwa, na usiku kabla sijaondoka, kila alipozinduka aliuliza nani atakuja kukuona."

Alikwenda zizini. Nilimwona anatembea katikati ya ng'ombe, anamgusa huyu mgongoni, anamgusa yule. Nilidhani ndiyo jibu lake. Aliporudi aliingia ndani, akatoka amevaa koti jeusi na viatu vilivyokakamaa kwa kukaa bila kuvaliwa. Tulitembea hadi mahakama ya mwanzo. Hakimu alikuwa ameshaondoka, tukalala kwa jamaa yake, na Alhamisi asubuhi mzee aliapa. Karani alisoma maneno ya kiapo: kwamba Kabula Shigela na Kabula Mabula ni mtu mmoja, naye ni binti yangu wa kumzaa. Mzee Shigela alimwomba asome tena hapo pa binti yangu wa kumzaa. Karani akasoma tena. Ndipo akaweka dole gumba.

Ijumaa saa nane mchana nilikuwa posta ya Maswa, nikamwona karani anagonga muhuri juu ya bahasha. Nikatoka hapo nikaenda shuleni.

Mkuu alikuwa ofisini. Hakunikaripia. Aliniambia tuliita jina lako mara tatu, Afisa Elimu akauliza kama huyu mwalimu anataka kusoma kweli au anatujaribu. Barua yangu ilikuwa mezani, juu ya zote kama alivyoahidi, haina saini. "Ningekuwa na namna ningefanya, Mwalimu," alisema. "Hati ile lazima mtu awepo, na fomu zinafungwa leo." Nilimwambia ninaelewa. Aliniuliza nilikuwa wapi, nikasema nilikuwa na mgonjwa. Akaandika hivyo kwenye faili.

Kutoka hapo nilikwenda hospitali. Kabula alikuwa ameketi kitandani, amekonda, macho makubwa. Nilimwambia baba yake ameapa, fomu imekwenda. Alifunika uso kwa shuka kwa muda. Alipoufunua aliniuliza, "Na yako, Mwalimu, imekwenda?"

"Imekwenda," nilisema.

Barua ya wito, yaani ile ya kumwambia mtu amechaguliwa na aripoti lini, ilimfikia Kabula baada ya miezi miwili. Yangu haikuja, nikamwambia wa watu wazima huitwa baadaye. Nilimfungia vitu vyake kwenye sanduku langu la bati, nikamsindikiza stendi. Kabla ya kupanda aliniambia atanitafutia chumba karibu na maktaba. Nyumbani nilikuta amepanga vyombo vyote kwa ukubwa, na nikapika chakula cha watu wawili kwa wiki nzima kabla mkono haujazoea.

Mwaka uliofuata ningeomba tena. Lakini utaratibu ulikuwa umebadilika. Serikali ilikuwa imeanza kupunguza walimu wa kuwapeleka masomoni, na fomu mpya ilidai barua ya mfadhili. Mimi mfadhili sikuwa naye. Huku vyuo vikizidi kuongezeka, mlango wangu ulifungwa kimyakimya, na kabati likaendelea kujaa.

Kabula aliandika. Barua ya kwanza ilisema amefika salama na kitanda chake kiko dirishani. Ya pili ilisema kwamba orodha ya wanafunzi wapya wa Kitivo cha Elimu imebandikwa, naye ameisoma kila siku kwa wiki mbili, jina langu hajaliona, labda limeandikwa vibaya, je nimeshaenda kuuliza? Ya tatu iliuliza, Mwalimu unaumwa? Ya nne ilikuwa fupi, inanitakia heri ya mwaka mpya.

Sikujibu hata moja. Nilikaa na karatasi mara nyingi. Ningemwandikia nini? Nikisema ukweli, ningemtwisha deni ambalo hakuliomba, na alikuwa na miaka minne ya uhandisi mbele yake. Nikiongeza uongo juu ya uongo, mkono ulikataa. Nilijiambia nitajibu mambo yakitulia. Kisha nikahamishiwa shule mpya ya kata huko Meatu, kisha nikarudishwa Bariadi ofisi ya elimu ya wilaya chini ya Afisa Elimu Taaluma, kijana mwenye kompyuta aliyeniita Mama na kuniachia kazi zote za fomu. Tulipopata mkoa wetu wa Simiyu, Bariadi ikawa makao makuu, barabara zikawekwa lami na ofisi zikajaa sura ngeni. Maombi yakahamia kwenye mtandao. Mwaka wangu wa mwisho kazini niliwasaidia vijana kukumbuka namba za siri walizozisahau. Siku ya kuniaga waliniimbia, wakanipa kitenge na saa ya ukutani, wakasema nimewafikisha wengi mbali.

Nimejenga Ngulyati, vyumba vitatu na bustani ya mboga. Mbinga sikurudi, waliobaki kule wananijua kwa picha. Majirani wananiheshimu sana, na heshima hiyo ina umbali wake. Vijana wanapita na simu zao, wanajua wamechaguliwa kabla hata mama zao hawajatoka shambani, na sina la kuwasaidia ila kuwauliza kama majina yao yanalingana kwenye vyeti vyote. Wananijibu, "Yanalingana, bibi," wanakwenda.

Mwaka jana Mzee Shigela aliletwa Bariadi hospitali ya macho. Ni mzee sana sasa. Aliuliza watu hadi akaelekezwa kwangu, akaja ameshikwa mkono na mkewe. Alikaa mchana mzima. Aliniambia Kabula ni mhandisi wa maji, yuko Arusha, ana watoto watatu, na kila anapokuja Kimali huuliza kama mwalimu wake bado yu hai, kwa maana aliandika na hakujibiwa. Mkewe alinipa namba ya simu ya Kabula imeandikwa kwenye kipande cha boksi la dawa.

Nilikaa nayo siku tisa. Siku ya kumi, asubuhi, nilipiga. Sauti ileile nzito iliitikia kiofisi, ikataja jina la Mhandisi Mabula.

Nilimwambia ni mimi, Mwalimu Kapinga wa Nyalikungu. Aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akanisalimu kwa Kisukuma, na mimi nikaitikia bila kujikwaa. Akauliza afya, nikamwambia. Niliuliza watoto, akaniambia majina yao. Halafu akauliza polepole, kama mtu anayegusa kidonda asijue ni cha nani:

"Mwalimu, hatimaye uliingia chuo mwaka gani?"

"Sikuingia, Kabula. Barua yangu haikusainiwa."

Nilisikia anafunga mlango upande wake. Alikuwa mwepesi wa hesabu tangu zamani.

"Ni wiki ile niliyolazwa?"

"Ndiyo," nilisema. "Ni wiki ile."

Nilisikia kiti kikivutwa. Aliposema, sauti yake haikuwa ya mhandisi.

"Mwalimu, ungeniambia."

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyaandaa kwa miaka zaidi ya ishirini, na yote yalikuwa yakimhusu yeye, namna nilivyomkinga. Hakuna hata moja lililokuwa la kweli kabisa.

"Ningekuambia," nilisema. "Niliogopa utanihurumia."